Aliyefukuzwa Kazi kwa Kupona

Watu hufukuzwa kazi kwa uvivu, kwa wizi, au kwa kumjibu bosi mbele ya wageni. Mjomba wangu alifukuzwa kwa kupona.

Alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ile yenye ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu yake, utadhani kuna mtu aliyekuwa akipigania kuingia. Dawa zilipomtuliza, wakampeleka chumba cha kufulia. Miaka hiyo wagonjwa ndio waliokuwa wakifua mashuka ya hospitali nzima. Iliitwa tiba. Daktari alikuwa akipita na kueleza wageni kwamba kazi hutuliza akili, na pengine ni kweli, ila mwenye macho aliona kwamba waliokuwa wakipata nafuu haraka zaidi ni mashuka. Malipo yalikuwa kipande cha sabuni na kupigwapigwa begani. Mjomba alifua, akaanika, akakunja, mpaka akawa mkubwa wa wakunjaji. Kisha siku moja daktari akamwita, akamtangazia kwamba amepona na aende nyumbani.

"Na kazi yangu?" Mjomba akauliza.

"Kazi ipi?"

"Ya mashuka."

"Ile ni ya wagonjwa, bwana. Wewe sasa ni mzima. Hongera."

Mjomba husema alikaa kwenye ngazi za lango na mfuko wake wa nguo, akifikiria kama kuna namna ya kuugua kidogo tu, ugonjwa wa nusu siku, wa kutosha kumrudisha kwenye zamu ya asubuhi.

Nyumbani, Bibi alimpokea kwa machozi, na mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alimpokea kwa masharti. Asisahau dawa. Asiongee peke yake pale kwenye geti. Asiguse jiko. Mjomba hakulitaka jiko. Alitaka beseni. Alifua mapazia. Alifua mito. Alifua mkoba wangu wa shule, na madaftari yakiwa ndani, na mpaka leo nikiulizwa kwa nini elimu yangu ina mapengo, ninao ushahidi. Vitu vya nyumbani vilipokwisha, akahamia kwenye kamba za majirani.

Mama wa nyumba ya pili alipiga kelele za mwizi asubuhi nzima. Jioni nguo zake zikarudi safi kuliko zilivyoondoka, zimekunjwa pembe zimekaa kama wembe. Mtaa ukachanganyikiwa. Mwizi wa aina gani anarudisha? Wako waliolalamika kwa mama yangu, na wako walioanza kutundika nguo chafu kwenye kamba makusudi, wakajifanya wamesahau.

Jina lake likawa Kichaa wa Mashuka. Alipoitwa hivyo Bibi akiwepo, aliyeita alijuta.

"Huyo kichaa," Bibi alimjibu muuza mkaa mmoja, "vidole vyake ni visafi kuliko moyo wako. Leta huo moyo aufue, kama utatoshea kwenye beseni. Ulivyo mdogo, utaponyoka na maji!"

Ugonjwa wenyewe uko hivi, kwa maelezo yake mwenyewe. Kichwani mwake mna redio, na aliyeitengeneza alisahau kuweka kitufe cha kuzima. Dawa huipunguza sauti. Siku nzuri inakuwa kama redio ya jirani: unajua ipo, lakini habari zake hazikuhusu. Siku mbaya inamtaja kwa jina. Na adui mkubwa wa mtu mwenye redio ya namna hiyo ni kukaa bure kwenye chumba kimya, kwa sababu chumba kimya ndicho studio yake.

Bahati ni kwamba hakuwa peke yake. Hospitali ilikuwa imeanza kupunguza vitanda, na watu walikuwa wakirudishwa makwao na mfuko wa vidonge na maagizo ya kuishi vizuri. Vizuri vipi, hakuna aliyeeleza. Muuguzi mmoja aliyestaafu, ambaye wagonjwa walimwita Sista Sindano kwa sababu zilizo wazi, akawa akienda sokoni anawakuta watu wake wa wodini wamekaa juu ya kuta na vibaraza, wanatazama siku inavyopita. Akashindwa kuvumilia. Akaomba ukumbi mdogo nyuma ya duka la vyuma, akaweka meza, gundi na mikasi, akawakusanya. Wakawa wanatengeneza bahasha.

Tusimcheke Sista haraka. Kabla yake hakuna mtu nje ya ule ukuta aliyewahi kusema kwamba hawa watu wana mikono. Mjomba alipoanza kwenda ukumbini, aliacha kamba za majirani (wengine walisikitika), akawa anatoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni kama binadamu mwenye shughuli.

Shida ni kwamba Sista aliamini mtu lazima awe tayari kwanza, ndipo apelekwe kwenye kazi ya kweli. Na ili uwe tayari, kulikuwa na kujifunza kuwahi, kujifunza kutulia, kujifunza kusalimia, na kujifunza kupaka gundi bila kujipaka. Mjomba alijifunza yote. Akawa tayari. Mwaka uliofuata akawa tayari zaidi. Aliandaliwa mpaka akakaribia kuota ukungu. Bahasha nazo ziliendelea kupanda ukutani, kwa maana dunia ilikuwa imehamia kwenye simu, na watu pekee waliokuwa bado wanahitaji bahasha ni maharusi na wenye misiba.

Hapo ndipo alipotokea binti mmoja mwenye raba nyeupe na sauti ndogo, ametumwa na shirika fulani la jamii. Kazi yake ilikuwa kumtafutia mtu ajira kwanza, kisha kwenda naye huko huko kazini, kumwelekeza, kumtetea, na kujiondoa polepole kadiri mtu anavyozoea. Tulimwita Msindikizaji. Sista alimsikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo unawatupa majini kabla hawajajua kuogelea."

"Sista, hapa wanafundishwa kuogelea kitandani."

"Na wakizama?"

"Nitakuwa nao majini."

"Kwani wewe unajua kuogelea?"

"Nitajifunza kwanza."

Na alimaanisha. Kila kazi aliyompeleka mtu, yeye aliifanya kwanza kwa mikono yake. Alishachoma mikate, alishalisha kuku wa mtu, alishapaka rangi uzio mpaka nywele zikawa za kijani.

"Hawa ni watoto wangu," Sista akasema.

"Sista," Mjomba akadakia kutoka kwenye meza ya gundi, "mimi nina mvi. Na hizi bahasha nimezichoka, na zenyewe zimenichoka. Tuachane kwa amani."

Msindikizaji akamgeukia, akamuuliza angependa kufanya kazi gani. Mjomba akatazama nyuma yake kuona anayeulizwa ni nani.

"Kufua," akasema hatimaye. "Na kukunja. Hasa kukunja."

Ndivyo alivyofikishwa mbele ya Mama Povu. Huyu alikuwa na kiwanda kidogo cha kufulia, kinachohudumia nyumba za wageni: mashine mbili zinazonguruma, uwanja wa kamba, meza ya kupigia pasi, na chumba cha nyuma cha kukunjia, chenye dirisha la nondo na joto la kuivisha mkate. Mwanamke mpana, mkavu wa maneno, mwenye taulo begani saa zote. Alimtazama Mjomba, ambaye ni mrefu kama mlango, kisha akamuuliza Msindikizaji:

"Anauma?"

"Mwulize mwenyewe, yupo."

"Mara chache, Mama," Mjomba akajibu kwa heshima. "Na si kabla ya saa sita mchana."

Mama Povu akacheka mpaka ikambidi akae juu ya furushi la nguo chafu.

Wakapatana majaribio. Msindikizaji akaeleza kwamba dawa ya usiku haimwachii Mjomba mapema, kwa hiyo aanze kazi saa moja baada ya wenzake na atoke saa moja baada yao. "Mimi ninao wafanyakazi wazima," Mama Povu akasema, "ambao pombe ya usiku haiwaachii mapema, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kunieleza kwa adabu. Haya, sawa."

Wiki za kwanza mambo yalikwenda kama maji. Msindikizaji alikuja kila siku, wakawa wanakunja pamoja kule chumba cha nyuma. Na hapa lazima nieleze kidogo, kwa faida ya wale ambao mashuka yao hukunjwa na mama zao. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wawili mnashika pembe, mnarudi nyuma mpaka linyooke, mnalikung'uta, mnaunganisha pembe, halafu mnaendeana mpaka mikono ikutane, mmoja anapokea pembe zote na mwenzake anainama kudaka mkunjo. Kila shuka, mnakutana uso kwa uso. Hakuna kazi nyingine ya kulipwa inayowaleta watu karibu hivyo, ukiacha udaktari wa meno.

Kule hospitali walikuwa na utaratibu wao. Mmoja aliita kwa sauti, na wawili wakafuata: "Shika! Vuta! Kung'uta! Njoo!" Si kwa ajili ya mapambo. Chumba kilikuwa na kelele za mitambo, na kila mkunjaji alikuwa na redio yake kichwani, kwa hiyo mwito ulipigwa kwa nguvu ili uzitangulie zote. Mjomba hajui kukunja kimya. Mikono yake inasubiri mwito kama vile miguu ya mchezaji inavyosubiri ngoma. Msindikizaji alijifunza kukunja kutoka kwake, akajifunza na mwito, akadhani ndivyo dunia nzima inavyokunja. Yeye ndiye aliyekuwa akiita, kwa ile sauti yake ya kifaranga.

Wafanyakazi wengine, kutoka upande wa mashine, walichokuwa wakisikia ni binti anamwamrisha yule mtu mkubwa kutwa nzima. Wakaelewa kwa namna yao. Wakadhani ile ndiyo dawa. Kwamba binti analiamrisha lile jitu ili lisilipuke.

Basi fikiria siku ya kwanza binti asipokuja, kwa sababu wakati wa kujiondoa ulikuwa umefika. Mama Povu akamtuma mwanamke wa pasi, ambaye wote walimwita Fundi Pasi, akashike upande wa pili. Mwanamke mwembamba, mpole, anayepiga pasi kama anayembembeleza mtoto. Akashika pembe zake. Na Mjomba, kwa kuwa hapakuwa na wa kuita, akaita mwenyewe, kwa sauti aliyofundishwa hospitali, na urefu ule, na macho yamemtoka kwa bidii:

"SHIKA! VUTA! KUNG'UTA! NJOO!"

Fundi Pasi aliachia shuka, akapita katikati ya mashine mbili, akatokea uwanjani, na dereva wa kiwanda anaapa kwamba aliruka kamba ya kwanza bila kuigusa. Haya nimeyapata kwa dereva, ambaye hupunguza mwendo barabarani lakini kwenye maneno hapunguzi chumvi.

"Ameanza!" Fundi Pasi alikuwa akihema. "Amerukwa na akili! Ananiita!"

Baada ya hapo kila mtu akapata ugonjwa wake. Dereva akaumwa bega. Wa mashine akasema macho yake hayapatani na vitu vyeupe. Mjomba akabaki peke yake chumba cha nyuma, akawa anafunga pembe mbili za shuka kwenye nondo za dirisha, anavuta mwenyewe, anaita mwenyewe, anakung'uta mwenyewe, na akisema "Njoo!" anaenda mwenyewe dirishani. Ukilisikia jambo hilo kutoka nje ya mlango, kusema kweli, halimsaidii mtu anayetaka kuonekana mzima.

Mashuka yakawa yanatoka yamepinda. Mwenye nyumba moja ya wageni akapiga simu: "Mama, haya mashuka yamekunjwa au yametoka kupigana?"

Mama Povu akamwita Mjomba. Na tumpe sifa yake: alimwita yeye, hakumpigia simu Msindikizaji wala dada yake.

"Jumatatu napata mteja mkubwa," akamwambia. "Hospitali ya ule ukuta mrefu. Wamefunga chumba chao cha kufulia, sheria mpya zimewakataza kuwafulisha wagonjwa bure, sasa wanapeleka nje."

"Yale ya mhuri wa kijani pembeni?"

"Hayo hayo. Malori mawili kwa wiki. Siwezi kukunja malori mawili kwenye nondo za dirisha. Ikifika Ijumaa huna wa kukunja naye, itabidi nitafute mtu mwingine. Si kwa ubaya, baba. Kufua unafua."

Jioni hiyo Mjomba alikuja nyumbani hakuvua hata viatu. Chakula akakisukuma. Akakaa ukutani pale kibarazani, namna ile ile Sista alivyokuwa akiwakuta watu wake zamani, na sisi tuliomjua tukaona redio inapanda sauti. Midomo yake ilikuwa ikimjibu mtu.

"Mpigie yule binti arudi," mama yangu akasema. "Atamshikia upande wa pili, yaishe."

"Akinishikia yeye, dada, basi mwajiriwa ni yeye. Mimi nitakuwa nimerudi ukumbini kwa Sista, bahasha tu ndizo zitakazokosekana."

Nikaona nami nichangie. Nikasema kwamba kimsingi tatizo ni la mawasiliano kazini, na kwamba kuna nadharia.

"Mpwa wangu," Mjomba akanikata, bila hata kunitazama, "diploma yako nusu, akili yangu nusu. Tukijumlisha tunapata mtu mzima mmoja, na hata huyo hatakuwa na kazi."

Bibi alikuwa akitandika kitanda chake, mlango uko wazi. Akatoka na shuka mkononi. "Acheni kelele. Wewe, mwanangu, njoo ukunje hili nione unamfanya nini mtoto wa watu."

"Mama, acha."

"Shika!" Bibi akasema, naye hakujua kwamba hilo lilikuwa neno la kwanza la mwito.

Mwili wa Mjomba ukaamka kabla yake. Akashika. Akavuta. Na mengine yakatoka yenyewe, kwa sauti ya chumba cha mitambo, kibarazani kwetu, jioni watu wametulia: "KUNG'UTA! NJOO!"

Mambo mawili yakatokea kwa pamoja. Bibi akamchapa mwanawe kichwani na pembe ya shuka: "Unamwita nani hivyo? Mimi mama yako au ng'ombe wako?" Na kutoka upande wa pili wa uzio, mama wa nyumba ya pili akaitikia: "Abee! Nakuja!"

Akaja kweli, na kanga ya kichwani mkononi, akauliza nani amekufa.

Mama yangu alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini Mjomba hakucheka. Alisimama na pembe zake mbili, anatutazama mmoja mmoja.

"Kwani ndivyo ninavyoita?"

"Hukuwahi kujisikia?" Bibi akamuuliza.

"Kule wote tulikuwa tunaita hivyo," akasema. Akakaa. Baada ya muda akaomba chakula chake kile kile, kilichopoa, akala chote.

Kesho yake, na hapa namrudia dereva na chumvi yake, Mjomba alifika kazini na hakwenda chumba cha nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya pasi, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Dada, naomba unisikilize. Ukipenda, nisikilize ukiwa umeshika pasi."

"Nimeshaishika," Fundi Pasi akasema.

"Ile siku nilikuita vibaya. Mama yangu amenichapa."

Fundi Pasi akamtazama, mtu mzima mwenye mvi, kuona kama ni mzaha. "Amekuchapa?"

"Na shuka. Sikiliza. Mimi kichwani mna watu wanaongea. Hawanitumi kufanya ubaya, ni wambea tu, wanasema mimi si kitu. Nikikunja kimya, nawasikia wao, mikono inapotea. Pakiwa na mwito, nausikia mwito. Ndiyo maana. Lakini si lazima niite mimi."

"Aite nani?"

"Ita wewe."

"Mimi nikuamrishe wewe?"

"Niamrishe. Nikikosea, nirudishe nyuma."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Ukumbuke Fundi Pasi ni kitinda mimba katika nyumba ya ndugu wengi wenye midomo, akaolewa na mwanamume anayependa kutoa maoni, akaajiriwa na Mama Povu. Katika maisha yake yote hajawahi kumpa mtu amri akatii. Hata paka wake humwendea akipenda mwenyewe. Akaweka pasi chini. Wakaenda chumba cha nyuma na mlango wakauacha wazi, kwa usalama, na kwa sababu hiyo kiwanda kizima kikasimamisha kazi kutazama.

"Shika," akanong'ona.

"Sikusikii, dada. Wale wanakutangulia."

"Shika."

"Bado."

"SHIKA!"

Mjomba akashika.

"VUTA!" Akavuta. "KUNG'UTA!" Shuka likapiga hewa, vumbi la pamba likaruka. Fundi Pasi akavuta pumzi, akafumba macho, akasema neno la mwisho kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. Lile jitu, yaani Mjomba, likamwendea taratibu, kichwa chini, likamkabidhi pembe zake mbili kwa ncha za vidole, likainama kudaka mkunjo. Fundi Pasi akafumbua macho. Akatazama shuka. Lilikuwa limenyooka.

"Lete lingine," akasema.

Mpaka saa ya kutoka walikuwa wamemaliza rundo la siku tatu, na Fundi Pasi alikuwa amepata mwito wa maisha. Alimrudisha Mjomba nyuma mara kadhaa hata pale ambapo hakukosea. Dereva bega likapona ghafla, akaomba naye ajaribu upande mmoja. Akakataliwa: "Wewe kaendeshe gari."

Ijumaa Mama Povu hakusema "umebaki" wala "hongera". Alipita na taulo lake, akapapasa pembe ya rundo, akasema, "Jumatatu usichelewe. Yaani, chelewa vile vile tulivyokubaliana."

Jumatatu malori yakaja. Mjomba akafungua furushi la kwanza, akauona mhuri wa kijani, akaushika kwa kidole gumba. Mashuka yale yale, baadhi yana viraka alivyovishona mwenyewe. Tofauti ni kwamba safari hii mwisho wa mwezi angelipwa, na hakuna daktari ambaye angekuja kumpongeza akamnyang'anya.

Sista Sindano alikuja kuona kwa macho yake. Alisimama mlangoni, akalia kidogo, akalalamika kwamba chumba kina joto na mtu wake amekonda, akamfunga kifungo cha shati, akaondoka. Ukumbi wake bado upo. Kuna wanaopenda bahasha kwa dhati na hawataki kusikia habari za mashine za mtu, na hao wanaachwa na gundi yao. Lakini pembeni pana meza ya Msindikizaji, na watu hutoka hapo kwenda kuoka mikate, kufagia stendi, kupanga bidhaa dukani. Wengine hushindwa, wanarudi, wananung'unika, wanajaribu pengine. Msindikizaji kwa Mjomba sasa ni wa simu tu, na mara nyingi Mjomba humkatia, ana kazi.

Tusidanganyane kwamba redio ilizimika. Msimu mmoja wa mvua ilipanda mpaka akaacha kulala, akawa anaogopa hata Bibi, na tukampeleka mwenyewe akikubali, kule kule kwenye ule ukuta. Hapo roho zetu zikawa juu. Kupona kulishamnyima kazi. Sasa tukaogopa kuugua kutamnyima nyingine. Msindikizaji akaenda kwa Mama Povu kukumbushia makubaliano kwamba akiugua, nafasi yake itunzwe.

"Ile mashine yangu ya pili imeharibika mara ngapi?" Mama Povu akamjibu. "Niliitupa? Nenda kamwambie apone, malori hayamsubiri."

Tulipokwenda kumtazama wodini, siku za mwanzo hakutujua vizuri. Baadaye tukamkuta amekaa kitandani, macho yamerudi, amekunjua shuka lake mwenyewe mapajani, amekasirika.

"Tazama hii," akatuambia. "Tazama hii pembe. Hii imekunjwa na dereva. Mimi nikilala humu, kule wanaleta aibu hii?" Akamwita muuguzi, akamwonyesha, akaomba radhi kwa niaba ya kiwanda. Muuguzi akamwandikia daktari kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Alirudi kazini siku ya jua, viatu vimepigwa rangi. Nyumbani siku hiyo hatukufanya lolote la maana. Bibi alizunguka getini kama kuku, mama yangu alisafisha kitu kilichokuwa safi. Jioni tukamwona anakuja, anakanyaga ardhi kana kwamba imemkosea. Akapita bila salamu, akaketi, akavua kiatu kimoja.

"Kuna nini?" Bibi akauliza, mkono kifuani. "Wamekufukuza?"

"Yule mwanamke," Mjomba akasema, "ni kichaa."

"Mwanamke yupi?"

"Fundi Pasi! Nimetoka wiki chache tu, nakuta ameongeza miito. Siku hizi eti kuna 'Geuza!' na kuna 'Subiri!' Subiri nini? Shuka linasubiri nini? Nikamwambia dada, tangu dunia iumbwe shuka halisubiri, akanirudisha nyuma mbele ya watu. Mara mbili! Halafu Mama Povu anaona, anacheka."

"Basi kama imekuwa hivyo," mama yangu akasema, akijikaza asionyeshe meno, "si uache kazi?"

"Niache?" Mjomba akamtazama dada yake kama mtu aliyesikia tusi. "Niache halafu nani atamvumilia yule? Wewe dada unaongea tu."

Bibi akaingia ndani haraka, tukamsikia anacheka kwenye kanga yake. Mjomba akavua kiatu cha pili, akaomba chai iongezwe, kwa sababu alikuwa bado hajafika kwenye habari za dereva.